Muziki na Mtoto Mwenye Usonji: Huduma, Ukweli na Haki

Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei





Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu laweza kuonekana dogo, yaani muziki na watoto wenye usonji. Pengine wapo watakaojiuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani iache mambo ya ardhi, mishahara na mirathi ya wajane, ikae kuzungumzia ngoma na kinanda. Tunaomba mtuvumilie. Twatumaini kwamba kabla ya kumaliza mtaona kuwa hapa pana suala la haki, tena haki ya watu ambao wengi wao hawawezi kujidai wenyewe.

1. Kosa letu wenyewe

Tuanze kwa kuungama. Miaka michache baada ya kupewa daraja la upadre tulikuwa tukiadhimisha Misa ya Jumapili katika kigango kimoja. Alikuwapo mama mmoja na mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka kama sita. Mtoto huyo hakuwa akisema. Alijitikisa mbele na nyuma, na kila kwaya ilipoimba naye alitoa sauti moja ndefu, ambayo haikukoma kwaya ilipokoma. Watu waligeuka, wengine wakanong'ona. Nasi tulisimamisha mahubiri, tukamwomba mama amtoe mtoto nje ili watu wapate kusikia. Mama aliinuka, akamshika mtoto mkono, akatoka. Hakurudi Jumapili iliyofuata, wala ile iliyofuata hiyo.

Baada ya miezi kadhaa, mwalimu wa kwaya, mzee mwenye sikio jema, alituambia neno lililotuchoma moyo: "Padre, yule mtoto hakuwa akipiga kelele. Ile sauti yake ilikuwa ni so ya wimbo wetu, wala haikushuka hata kidogo."

Mtoto yule alikuwa akiimba pamoja nasi, na sisi tulisikia fujo. Tangu siku hiyo tulianza kuuliza na kusoma, na haya tunayowaletea leo ni matunda ya kuuliza huko.

2. Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Humfanya mtu awe na namna yake ya kuwasiliana, ya kuhusiana na wenzake na ya kuupokea ulimwengu kwa macho, masikio na ngozi yake. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wasemao vizuri lakini wanaoshindwa kuelewa mzaha au ishara za uso. Wengi hupenda mambo yafuate utaratibu uleule kila siku. Wengine huumizwa na mwanga mkali, na wengine huziba masikio kwa sababu sauti ambayo kwetu ni ya kawaida kwao ni kama nyundo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, parokia yenye waamini 5,000 ingekuwa na watu wapatao 40. Tujiulize: tunawajua wangapi? Na wale tusiowajua, wako wapi siku ya Jumapili?

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeandika mwaka 1943 maelezo mashuhuri juu ya watoto 11 wenye hali hii. Katika kurasa za kwanza kabisa za maandiko hayo aeleza kwamba mtoto mmoja, Donald, alipokuwa na umri wa mwaka mmoja tu aliweza kuimba tuni nyingi bila kukosea. Kwa hiyo muziki umekuwapo tangu mwanzo wa habari hii. Uchunguzi uliofanywa baadaye umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wenye usonji hutambua na kukumbuka kimo cha sauti kuliko wenzao wa rika moja. Mzee wetu wa kwaya hakuwa amekosea.

3. Lawama juu ya mama

Tulimtafuta yule mama, tukaenda kumwomba radhi. Alitupokea kwa heshima, akatupa kigoda. Alitueleza kwamba alikuwa ameuza mbuzi wanne na sehemu ya shamba la migomba ili kuwalipa waganga. Baadaye alipelekwa kwa waombeaji, nao wakataka sadaka. Mmoja alisema ni laana ya ukoo, mwingine akasema mama alivunja mwiko alipokuwa mjamzito. Kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: "Baba, wote walinitazama mimi. Hakuna aliyemtazama mtoto."

Ndugu zangu, tusidhani kwamba ni ujinga wa kijijini tu. Wasomi wakubwa wa Ulaya na Marekani nao waliwatazama akina mama. Kanner mwenyewe, mwaka 1949, aliandika juu ya ubaridi wa wazazi. Bruno Bettelheim wa Chuo Kikuu cha Chicago, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alifundisha kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa kukosa upendo wa wazazi. Akina mama wengi walibeba aibu hiyo kwa miaka mingi.

Ilikuwa lawama ya bure. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kueleza kwamba chanzo kimo katika mwili, si katika malezi. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitangaza matokeo ya kuchunguza jozi 21 za pacha nchini Uingereza. Kati ya jozi 11 za pacha wa kufanana kabisa, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa pacha wote wawili. Kati ya jozi 10 za pacha wasiofanana hapakuwa na jozi hata moja ya namna hiyo. Tangu hapo tafiti nyingi zimethibitisha kwamba urithi wa damu una nafasi kubwa katika hali hii.

Wale walimlaumu mama kwa kukosa upendo, sisi twamlaumu kwa laana na uchawi. Maneno ni mbalimbali, lakini mshitakiwa ni yuleyule, na hana hatia.

4. Jinsi huduma hii ilivyoanza

Tiba ya muziki kama kazi yenye mafunzo na kanuni zake ilikua hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Nchini Uingereza, Juliette Alvin, mzaliwa wa Ufaransa na mpigaji wa chombo cha nyuzi kiitwacho sello, alianzisha chama cha tiba ya muziki mwaka 1958. Mwaka 1978 alitoa kitabu kizima juu ya tiba hiyo kwa mtoto mwenye usonji.

Mwaka 1959 Paul Nordoff, mtunzi wa muziki kutoka Marekani, alikutana na Clive Robbins, mwalimu wa watoto wenye ulemavu, katika makao ya watoto ya Sunfield huko Worcestershire, Uingereza. Nordoff alikuwa profesa wa muziki katika Chuo cha Bard. Aliiacha kazi hiyo ili awapigie kinanda watoto ambao wengi waliwaona kuwa hawafundishiki. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Katika maandiko yao wanasimulia habari za mtoto waliyempa jina la Edward, waliyemhudumia Marekani katika miaka ya 1960. Aliingia chumbani akipiga mayowe. Nordoff hakumwambia anyamaze, wala hakumtoa nje. Alikisikiliza kilio, akakitafutia kimo chake kwenye kinanda, akakijibu kwa muziki wenye nguvu ileile. Haukupita muda mrefu kilio cha Edward kikaanza kuufuata muziki, na sauti zake zikaingia katika tuni ya kinanda. Tuliposoma habari hizo tulikumbuka Misa yetu ya kigango, tukaona haya.

5. Inavyofanywa

Yafaa tueleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani kwamba tiba ya muziki ni kumwashia mtoto redio ili atulie. Sivyo. Chumbani huwamo ngoma, matoazi, marimba, manyanga na kinanda. Mtoto huchagua, na mtaalamu humfuata. Mtoto akitembea huku na huko, mtaalamu hupiga mdundo wa nyayo zake. Akigonga meza, hugonga vivyo hivyo, kwa kasi ileile na kwa nguvu ileile. Akitoa sauti, humwitikia kwa sauti hiyo. Mtoto ambaye siku zote amekuwa akirekebishwa, hapo kwa mara ya kwanza anaona kwamba alichokitenda kimepokelewa.

Kisha mtaalamu hubadili jambo dogo. Hupunguza kasi, au hupiga mara mbili na kuacha nafasi ya pigo la tatu. Halafu husubiri. Kusubiri huko ndiko kiini cha kazi yote. Siku moja mtoto hulipiga pigo la tatu, akainua macho kuona kama mwenzake amesikia. Ndipo panapoanza kupokezana: wewe, kisha mimi, kisha wewe. Nasi tukiyatazama mazungumzo yetu ya kila siku, tutaona kwamba msingi wake ni huo huo.

Mbona muziki uweze kufanya hivyo? Mdundo hurudi pale pale unapotazamiwa, hivyo haumtishi mtoto anayependa utaratibu. Aidha, watu wawili waweza kupiga ngoma pamoja bila kuhitaji maneno na bila kulazimishana kutazamana usoni. Lakini muziki uleule ukipigwa kwa vipaza sauti vikali waweza kumwumiza mtoto huyo huyo. Ndiyo maana mtaalamu hujifunza kwanza kumsikiliza mtoto, kisha ndipo hupiga.

6. Utafiti unasema nini?

Hapa hatuna budi kusema kweli yote, hata ile isiyopendeza. Mambo mema tuliyoyaeleza yalishuhudiwa na walioyatenda, lakini ushuhuda wa mtu juu ya kazi yake hautoshi. Lazima upimwe.

Tafiti za mwanzo zilikuwa ndogo, nazo zilitia moyo. Mwaka 2008 Jinah Kim na wenzake walitangaza matokeo kutoka Korea ya Kusini. Watoto wadogo waliotumia muda katika muziki walielekeza macho na nia yao kwa mwenzao kuliko walipotumia muda katika michezo ya vitu vya kuchezea, lakini waliokamilisha utafiti huo walikuwa 10 tu. Mwaka 2011 watafiti wa Boston walieleza habari za watoto 6 wasiosema, waliofundishwa kwa vipindi 40 kutamka maneno kwa kuyaimba huku wakigonga ngoma mbili zenye sauti tofauti. Wote walipiga hatua katika kutamka. Hata hivyo, watoto 6 ni wachache mno kwa kujengea sheria.

Ndipo ukafanywa utafiti mkubwa zaidi, uliotangazwa mwaka 2017. Ulihusu watoto 364 wa umri kati ya miaka 4 na 7, katika nchi 9. Waligawanywa kwa kura. Nusu walipata huduma za kawaida pamoja na mashauri kwa wazazi. Nusu nyingine walipata hayo yote na kuongezewa tiba ya muziki, ama mara moja au mara tatu kwa juma, kwa muda wa miezi 5. Kipimo kikuu kilikuwa jinsi mtoto anavyohusiana na wengine. Mwishoni haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Wengi waliopenda kazi hii walihuzunika. Mwaka uliofuata, 2018, utafiti wa Montreal, Kanada, juu ya watoto 51 wa miaka 6 hadi 12 ulionyesha kwamba wazazi wa watoto waliopata muziki waliona maendeleo zaidi katika kuwasiliana, na picha za ubongo nazo zilionyesha mabadiliko. Hatimaye mwaka 2022 yalitolewa mapitio yaliyojumlisha tafiti 26 zenye watu 1,165. Mapitio hayo yalisema kwamba yaelekea tiba ya muziki huongeza uwezekano wa mtoto kupata nafuu kwa jumla, kwamba yaelekea huongeza kidogo ubora wa maisha, na kwamba yaelekea hupunguza kwa kiasi kikubwa ukali wa dalili kwa jumla. Juu ya kusema na kuhusiana na wengine, haikuonekana tofauti iliyo wazi mara baada ya tiba kwisha. Wala haikuonekana kuleta madhara zaidi ya huduma nyingine.

Basi tuseme nini? Tuseme kwamba muziki hauondoi usonji. Yeyote atakayemwambia mzazi kwamba kwa ngoma au kwa kinanda mtoto wake ataponywa anamdanganya, hata kama ana cheti ukutani. Hata hivyo, yapo mambo ambayo kipimo kimoja hakiyashiki yote: nusu saa ya furaha, mama kumwona mwanawe akisikilizwa, mtoto kupata nafasi ya kutenda jambo pamoja na mwenziwe. Hayo ni mema, nayo hayahitaji kutetewa kwa uongo.

7. Haki tatu za mtoto huyu

Ya kwanza ni haki ya kupata ukweli. Familia ya yule mama ilipoteza mbuzi na shamba kwa sababu ya watu waliouza matumaini. Tusije sisi tukawa wauzaji wapya wa matumaini yaleyale, kwa jina la sayansi au kwa jina la sala. Kuwatoza maskini fedha kwa ahadi ya uongo ni wizi.

Ya pili ni haki ya kupokelewa alivyo. Mtoto asiambiwe kwamba atapata nafasi kati yetu siku atakapojifunza kunyamaza. Mwezi Novemba 2014 Baba Mtakatifu Fransisko alikutana na watu wenye usonji na familia zao huko Vatikano, akahimiza kuvunja upweke na unyanyapaa unaowaelemea. Neno hilo latuhusu sisi, maana upweke huo mara nyingine huanzia mlangoni mwa kanisa.

Ya tatu ni haki ya kushiriki elimu na sanaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 24 yatamka haki ya elimu, na Ibara ya 30 yatamka haki ya kushiriki maisha ya utamaduni na kukuza vipaji vya sanaa. Nchi yetu ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto wake shuleni au kwenye kwaya haombi hisani. Anadai kilicho chake.

8. Tufanye nini?

Kwanza, tuwatafute. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijue ni familia zipi zina mtoto asiyeonekana Jumapili, na kwa nini. Tuwatembelee bila kuleta dawa wala hukumu.

Pili, tuwasindikize wazazi hospitalini na kwa maofisa wa ustawi wa jamii na wa elimu maalumu, ili mtoto achunguzwe mapema. Mama anayekwenda peke yake hurudishwa kirahisi. Anayekwenda na mwenyekiti wa jumuiya husikilizwa.

Tatu, walimu wa kwaya wawapokee watoto hawa. Mwalimu wa kwaya si mtaalamu wa tiba, wala asijiite hivyo. Lakini aweza kukaa na mtoto kwenye ngoma, kumfuata na kusubiri. Apunguze vipaza sauti. Amwachie mtoto njia ya kutoka na kurudi atakavyo, na asimshike mkono kwa nguvu ili apige.

Nne, tuviombe vyuo vya ualimu na vya uuguzi viwape wanafunzi wao mafunzo juu ya usonji, na tuwe tayari kuchangia kijana atakayetaka kusomea kazi hii kwa ukamilifu.

Tumalizie kwa habari za kigango chetu. Yule mama alirudi kanisani baada ya karibu mwaka mzima. Mwalimu wa kwaya alikuwa akimtembelea mtoto nyumbani kila Jumatano jioni, akiwa na ngoma ndogo. Kwa majuma mengi alipiga mara mbili, akasubiri, na hakupata jibu. Jumatano moja mtoto alilipiga pigo la tatu, kisha akacheka. Mzee alitusimulia habari hiyo huku machozi yakimlengalenga.

Mtoto yule hajasema mpaka leo, na pengine hatasema. Siku hizi hukaa mwisho wa benchi, karibu na wapiga ngoma. Kinanda kikipigwa kwa nguvu huziba masikio, hutoka mpaka chini ya mwembe, kisha hurudi. Na kwaya ikiisha kuimba yeye huendelea kidogo na sauti yake. Tumejifunza kumngoja amalize, ndipo tunaendelea na Misa.



Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika jumuiya yetu, ni familia gani yenye mtoto mwenye usonji au ulemavu mwingine ambayo hatujaitembelea? Nani ataitembelea, na lini?

2. Ni maneno gani tunayotumia ambayo humfanya mama aonekane mkosaji? Tutayaacha namna gani?

3. Tukisikia mtu akiahidi kuponya usonji kwa malipo, tuna wajibu gani kwa wazazi walio jirani zetu?

4. Kwaya yetu iko tayari kubadili nini ili mtoto anayeumizwa na kelele aweze kuwa nasi?